Ukungu wa viazi haujazoea dawa: kilichobadilika ni umbo la protini

Mvua zikishakolea huku juu, kuanzia Umalila na Uporoto mpaka Njombe na Kilolo, swali ninaloulizwa ni moja tu: "Bwana shamba, nimepuliza mara tano na ukungu bado unakula viazi. Hii dawa ni feki, au ukungu umeshaizoea?"

Dawa feki zipo, na dawa yao ni kununua kwenye duka lililosajiliwa na kudai risiti. Lakini mara nyingine dawa ni halali kabisa, tarehe haijapita, kipimo ni sahihi, na bado shamba linaungua. Hapo ndipo neno "kuzoea" linapotupotosha. Mtu anazoea pilipili, anazoea baridi ya Uyole, kwa sababu mwili wake ule ule unajirekebisha taratibu. Ukungu haufanyi hivyo. Na ukiamini kwamba umezoea, utafanya moja kati ya mambo mawili: utaongeza dozi, au utanunua pakiti yenye rangi nyingine. Yote mawili yanaweza kuwa hela iliyotupwa, na sababu yake imo ndani ya seli ya ukungu, kwenye umbo la protini moja. Naomba tuingie humo kidogo. Ukitoka utasoma lebo kwa jicho lingine.

Waya na ndoana

Karibu kazi zote ndani ya seli hufanywa na protini. Kuvunja chakula, kujenga ukuta wa seli, kunakili maelekezo, kote huko kuna protini imesimama kwenye zamu yake. Protini yenyewe ni kama uzi wa shanga. Shanga hizo zinaitwa asidi amino, ziko aina 20, na zimepangwa kwa mfuatano maalumu. Lakini uzi huo haukai umenyooka. Unajikunja, sehemu moja inavutana na nyingine, mpaka unapata umbo lake.

Umbo ndiyo kazi. Chukua waya wa kufungia mzigo: ukiwa umenyooka haukamati chochote, ukiukunja ncha unakuwa ndoana. Waya ni ule ule. Au chemsha yai. Ule ute unaokuwa mweupe na mgumu ni protini zile zile zilizokuwemo, ila joto limezikunjua na zikanasana ovyo, na hata yai likipoa hazirudi zilivyokuwa.

Sasa nani anaamua shanga ipi ifuate ipi? Ni DNA. Hiyo ni nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba ya katani, zimeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. A ya uzi huu hukaa mbele ya T ya uzi ule, na G mbele ya C, kwa sababu maumbo yao hupatana hivyo. Ndiyo maana DNA inaweza kujinakili: nyuzi zikiachana, kila mmoja unajua mwenzake aandikwe vipi. Na kila herufi tatu zikisomwa pamoja huita shanga moja ya protini. Ukibadilisha herufi moja, mara nyingine shanga haibadiliki. Mara nyingine inabadilika na seli inakufa. Na mara chache inabadilika kidogo tu, seli inaendelea kuishi, lakini umbo halipo kama zamani. Hiyo ya tatu ndiyo inayotusumbua mashambani.

Kati ya DNA na protini yupo RNA. DNA haitoki kwenda kazini. Nakala yake, yaani RNA, ndiyo inayotumwa hadi kwenye ribosomu, mashine inayotunga zile shanga. Na ribosomu yenyewe, sehemu yake kubwa ni RNA iliyojikunja ikawa kifaa. Ndugu yangu, hapa kaa vizuri, maana dawa mnayoipigia kelele inapiga hapa hapa.

Dawa inakamata wapi

Sitataja majina ya kibiashara, nisionekane nampigia mtu debe. Viambato hai nitaviandika vile vile vinavyoandikwa kwenye lebo, ili uvitambue dukani. Cha kwanza ni Metalaxyl. Pakiti nyingi za "dawa ya ukungu wa viazi" unazokuta zimechanganywa Metalaxyl na Mancozeb.

Metalaxyl huingia ndani ya mmea na kupanda juu pamoja na maji. Ikiingia kwenye seli ya ukungu, inazuia kazi ya protini inayoitwa RNA polimerasi ya kwanza. Kazi ya protini hiyo ni kutengeneza ile RNA ya ribosomu. Ikizuiwa, ribosomu mpya hazitengenezwi, protini mpya zinakosa pa kutungwa, na ukungu unasimama kukua. Protini ya kiazi inayofanya kazi kama hiyo haidhuriki. Ndiyo maana unaweza kuipitisha dawa ndani ya jani na jani likabaki kijani. Fikiria spana na nati: spana ya 13 inafungua nati ya 13, ya 14 unaizungusha hewani tu.

Kuna jambo hapa ambalo wauzaji wengi hawakwambii. Spora ya ukungu, ile inayosafiri na upepo na matone ya mvua, huja na akiba yake ya ribosomu. Kwa hiyo ikitua kwenye jani lenye Metalaxyl bado inaweza kuota, kwa sababu kwa saa za mwanzo haihitaji ribosomu mpya. Inakwama baadaye, ikitaka kukua ndani ya jani. Dawa hii basi ni ya kuzuia ukuaji, na inafaa ikiwahi. Ukisubiri shamba lianze kunuka ndipo ukimbilie dukani, unaipa kazi isiyokuwa yake.

Sasa tuje kwenye badiliko lenyewe. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wanasayansi walisoma DNA ya ukungu unaokufa kwa Metalaxyl na ule usiokufa. Tofauti moja waliyoikuta iko kwenye ile ile RNA polimerasi ya kwanza, shanga namba 382. Kwenye ukungu wa kawaida shanga hiyo ni tirosini. Kwenye ukungu sugu ni fenilalanini. Ukiziweka shanga hizo mbili pembeni kwa pembeni, zinafanana kila kitu isipokuwa atomu moja ya oksijeni ambayo tirosini inayo na fenilalanini haina. Kwenye DNA ni herufi moja: A ya katikati imekuwa T. Protini inaendelea na kazi yake ya kutengeneza RNA, ila dawa haiwezi tena kuizuia kama zamani. Si badiliko pekee linaloleta usugu, lakini linatosha kuonyesha tunapigana na kitu gani. Eka nzima ya viazi, mbolea, vibarua, mbegu, vyote vinaweza kuning'inia kwenye atomu moja.

Haujazoea, umechekechwa

Ule ukungu wenye herufi tofauti haukuumbwa na dawa. Seli zinaponakili DNA hukosea mara moja moja, na ukungu wa viazi hunakili sana. Doa moja kwenye jani linaweza kutoa spora maelfu kwa maelfu, na mzunguko wake mmoja, kama kuna baridi na unyevu, unaisha ndani ya wiki moja hivi. Kwenye umati huo, mwenye shanga iliyobadilika anaweza kuwemo hata kabla hujafungua pakiti. Unapopuliza Metalaxyl peke yake, unawaua wenzake wote na kumwachia shamba. Wiki inayofuata watoto wake ndio wanaojaza majani. Wewe unaona ukungu "umezoea". Kumbe dawa imefanya kazi ya chekecheo, imepitisha wale wasionasa.

Ndiyo maana kuongeza dozi hakukupi faida. Kama nati imebadilika ukubwa, kununua spana nyingi za namba ile ile hakufungui. Ukungu wenye usugu kamili wa Metalaxyl unaweza kuhimili kipimo mara mia na zaidi ya kile kinachoua ukungu wa kawaida. Vijiko viwili vya ziada kwenye bomba la lita 16 havifiki huko. Vitafika kwenye mapafu yako na kwenye mfuko wako.

Wenzetu wa Ulaya walipitia haya mapema. Metalaxyl ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970 na ilionekana kama mwarobaini. Mwaka 1980, huko Uholanzi na Ireland, ilishindwa kwenye viazi baada ya misimu michache tu ya kupulizwa peke yake. Ireland ndiyo nchi ile ile ambayo ukungu huu uliangamiza viazi kuanzia 1845 na kuleta njaa kubwa. Tangu wakati huo Metalaxyl ya kupuliza viazi huuzwa ikiwa imechanganywa na kiambato kingine, na mchanganyiko huo ndio ulio dukani kwako leo.

Huku kwetu Afrika Mashariki, ukungu huu mara nyingi huzaliana bila dume na jike, yaani mtoto ni nakala ya mzazi. Wanasayansi wanaofuatilia DNA yake wamekuta ukoo unaoitwa 2_A1 ukiusukuma nje ukoo wa zamani, US-1, nchini Kenya na Uganda. Ukoo hausafiri kwa upepo tu. Unasafiri pia ndani ya viazi vya mbegu. Ukinunua lumbesa ya mbegu usiyojua imetoka shamba gani, unaweza kuwa umenunua na usugu wa jirani yako wa wilaya nyingine. Hili mimi naliona kubwa kuliko suala la dawa lenyewe, ila watu hawapendi kulisikia, maana mbegu safi ina bei.

Pakiti tofauti, nati ile ile

Tuje dukani. Metalaxyl, Metalaxyl-M, Mefenoxam na Benalaxyl ni majina tofauti, na yote yanapiga protini ile ile. Kijana anayetumia ya kwanza wiki hii na ya nne wiki ijayo anajiona amebadilisha dawa. Hajabadilisha kitu. Kwa usugu, hizo zote ni kundi moja, na lebo nyingi siku hizi huandika namba ya kundi. Hizo ni kundi namba 4. Kama lebo haina namba, mwulize muuzaji, au nitumie picha.

Mancozeb ni habari nyingine kabisa, na ndiyo inayoeleza kwa nini huwekwa kwenye mchanganyiko. Haiingii ndani ya jani. Inakaa juu kama rangi ya ukutani. Spora ikitua na kuanza kuota, Mancozeb inashambulia protini zake kwenye sehemu zenye salfa, na sehemu hizo zimo kwenye protini nyingi sana za seli. Yaani haitafuti nati moja, inamwaga mchanga kwenye injini nzima. Ili ukungu upate usugu hapo, ungehitaji kubadilisha herufi nyingi kwa wakati mmoja bila kufa. Ndiyo maana Mancozeb imetumika duniani kwa miaka mingi bila usugu wa maana.

Udhaifu wake ni kwamba inalinda pale ilipogusa tu. Jani jipya lililochipua juzi halina kinga, na mvua kubwa huiosha. Kwa hiyo pulizia na chini ya majani, rudia kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo, na usipulize huku wingu limeshakaa mlimani. Na kwa kuwa haichagui protini, usiichezee: vaa glavu, barakoa na buti, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Wewe mwenye parachichi au mboga za kupeleka Ulaya, jua kwamba Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2020 kutohuisha idhini ya Mancozeb. Ongea na mnunuzi wako kabla hujaigusa.

Makundi mengine yanapiga protini nyingine. Dimethomorph na Mandipropamid huzuia kimeng'enya kinachojenga ukuta wa seli ya ukungu. Hizo mbili ni kundi moja, namba 40, kwa hiyo usizipokezane zenyewe kwa zenyewe ukadhani umezungusha. Cymoxanil ni kundi 27, na Propamocarb ni 28. Hizo ndizo za kupokezana na kundi 4.

Kuna kosa moja linaniuma kuliko yote. Mkulima ana Carbendazim iliyobaki, au ana dawa ya kutu ya ngano kama Tebuconazole, na lebo inasema ni ya kuua ukungu. Anapulizia viazi. Haifanyi kitu! Kiswahili kinatuchanganya: tunaita ukungu ule unaoteremka asubuhi mlimani, tunaita ukungu ule wa kwenye mkate, na tunaita ukungu huu wa viazi. Lakini mdudu wa viazi, jina lake la kisayansi Phytophthora infestans, si kuvu wa kweli. Ukuta wa seli yake umejengwa kwa selulosi, wakati kuvu wa kweli hutumia kitini. Tebuconazole huzuia kimeng'enya cha kutengeneza mafuta fulani ambayo kuvu hujitengenezea kwa ajili ya utando wa seli, na Phytophthora hajitengenezei mafuta hayo kabisa. Carbendazim hunasa kwenye protini ya tubulini ya kuvu, na ya Phytophthora haina umbo la kuishika. Umekuja na spana kwenye gari lisilo na nati hiyo.

Kiazi nacho kina protini zake

Kiazi hakikai tu kikisubiri bomba. Kina protini za ulinzi ambazo kazi yake ni kutambua protini ambazo ukungu huzipenyeza ndani ya seli za jani ili kuzilegeza. Zikikutana na zikapatana kwa umbo, seli ile ya kiazi hujiua haraka na ukungu unakosa pa kula. Wazalishaji mbegu walichukua jeni za namna hiyo kutoka viazi pori vya Mexiko karne iliyopita. Ukungu ukazikwepa moja baada ya nyingine, kwa njia ile ile ya kubadilisha umbo la kinachotambuliwa.

Ndiyo maana huko Kachwekano, kusini magharibi mwa Uganda, watafiti wa NARO na Kituo cha Kimataifa cha Viazi waliweka jeni tatu za viazi pori kwa pamoja ndani ya kiazi cha Victoria, ili ukungu ulazimike kukwepa tatu kwa mpigo. Kwenye majaribio ya shambani kilisimama kijani bila dawa. Hicho hakiko sokoni kwetu. Aina kama Asante na Sherekea zinahimili ukungu kuliko nyingi, zimezalishwa kwa njia ya kawaida, na ukizungumza na wenzetu wa TARI Uyole watakwambia mbegu inapatikana wapi. Kuhimili si kinga kamili. Utapuliza, ila kwa nafasi, na dawa chache maana yake ni chekecheo chache.

Msimu huu ningepanga hivi

Ningeanza na Mancozeb peke yake mimea ikishafunika nusu ya tuta, kabla sijaona doa. Mchanganyiko wenye kundi 4 ningeuweka mara mbili tu kwa msimu, mimea ikiwa inakua kwa kasi na mvua imeshika, na kamwe si kwenye shamba lililokwisha kuungua. Katikati ningeingiza kundi 40 au 27 pamoja na Mancozeb. Dozi ni ya lebo, isizidi wala isipungue. Viazi vilivyooza baada ya kuvuna ningevifukia, na maotea ningeyang'oa, kwa sababu humo ndimo ukoo sugu unapovuka kiangazi. Kabla ya kununua ningehakikisha dawa imesajiliwa na TPHPA kwa zao la viazi, na ningeandika kwenye daftari namba ya kundi na tarehe, si rangi ya pakiti.

Na kabla ya yote ningejua napigana na nani. Chukua majani matatu yenye madoa, yaweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi ya chooni iliyoloweshwa, funga, acha ndani usiku kucha. Asubuhi geuza jani. Ukikuta vumbi jeupe kama unga kwenye kingo za doa upande wa chini, ndiye huyo Phytophthora. Ukikuta doa kavu la kahawia lenye duara ndani ya duara kama ukifyeka gogo na kulitazama kichwani, bila unga mweupe, hilo ni bakajani tangulizi. Hilo ni kuvu wa kweli. Metalaxyl haina kazi hapo, na dawa za jamii ya ile Tebuconazole tuliyoikataa, hasa Difenoconazole, ndizo zenye nati yake.